Myahudi wa Mwalimu Kelestini

Mtu akikuambia kwamba hadithi ya kubuni haimuumizi mtu, mwelekeze kwangu. Nakaa chini kidogo ya Mchombe, nyumba ya pili kutoka mashine ya kukoboa mpunga, na hasira yangu nakaa nayo hapohapo. Haijahama tangu Pasaka ya mwaka jana, ule mwaka wa mvua za Elnino. Jina langu Paskalina. Lakini sitaki kujisema mimi, nataka kumsema Minza, mke wa Luhende mfugaji, kwa sababu waliomsema kabla yangu wamemsema vibaya.

Minza alizaliwa Usukumani, upande wa Meatu. Luhende alimwoa kwa ng'ombe kama wanavyooana kwao, na malisho yalipokauka wakaanza kushuka na mifugo, boma moja baada ya jingine, wakapitia Usangu, wakatokea bondeni kwetu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Njiani alizika mtoto wake wa kwanza. Alinisimulia mara moja tu. Alisema kilichomkaa rohoni kuliko yote ni kwamba walimzika mahali wasipopajua jina, na asubuhi ng'ombe walitaka maji, wakaondoka kabla hajapata mtu wa kumuuliza.

Tulijuana kwa ugomvi. Ng'ombe wa Luhende waliingia shambani kwangu, miche ya mpunga ndiyo kwanza imeshika mizizi, wakaivuruga yote. Nilibeba panga nikaenda bomani kwao, na sikuwa nakwenda kukata kuni. Akatoka mwanamke mrefu, akapiga goti mbele yangu kwenye vumbi.

"Shikamoo dada."

Sasa mtu amekwisha kukuamkia, utamkata vipi? Niliitika marahaba huku nimeuma meno, nikamtukana mumewe, nikawatukana ng'ombe, nikarudi nyumbani. Kesho yake alfajiri nikamkuta Minza shambani kwangu, kaniki ameikunja mpaka magotini, anapandikiza miche. Alikuwa hajawahi kushika mche wa mpunga maishani mwake. Aliishindilia kama anachimbia nguzo za boma. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope, na yeye akacheka, na tangu siku hiyo ukimgusa Minza umenigusa mimi.

Akawa ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mimi nampelekea mchele mpya. Nilimtania kwamba ng'ombe wake wana adabu kuliko mumewe, naye alinitania kwamba sisi wenyeji tunaogopa ng'ombe kuliko mamba. Akaanza kuja nami kanisani, pale kigangoni kwetu, akikaa nyuma karibu na mlango. Mwisho akajiandikisha ukatekumeni, akanichagua mimi niwe mama yake wa ubatizo.

Mwalimu wake wa dini alikuwa katekista wetu, Kelestini. Wote tunamwita Mwalimu. Ana sauti nzuri kupita padri yeyote niliyewahi kumsikia, na ana kipaji cha kusimulia. Akisoma habari za gharika unajikuta unachungulia nje. Minza alimpenda sana. Alikuwa akitoka mafundishoni anakuja kwangu moja kwa moja, hata kibuyu hajakitua, anaanza.

"Dada, kumbe hawa watu wa Maandiko ni wachungaji!"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Ibrahimu ana ng'ombe, ana mbuzi, malisho yakiisha anahama. Yakobo anamtumikia mkwe miaka na miaka ili apewe mke, tena wanamdanganya! Nikimweleza Luhende atalia. Na Isaka, dada! Anachimba kisima, wenyeji wanakifukia. Anachimba kingine, wanakuja kugombana. Mwalimu alipofika hapo nilitaka kusimama."

"Hao ndio Wayahudi wenyewe, Minza. Hao ndio wazee wao."

Akapiga mapaja. "Basi Wayahudi ni Wasukuma."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa amepata ndugu. Mwanamke aliyezurura nusu ya nchi hii akiitwa mgeni kila anapotua, alikuwa amefungua mlango wa dini akamkuta ndani mtu wa aina yake, mwenye fimbo na mifugo na ugomvi wa visima, na Mungu anamwita mtu huyo rafiki. Ndiyo sababu alitaka kubatizwa. Mwalimu Kelestini alilijua hilo, kwa sababu Minza alimwambia mwenyewe, mbele yangu. Nataka ulikumbuke.

Sasa nije kwa Kelestini na kalamu yake. Huyu bwana huandika hadithi. Anapiga chapa, anatoa nakala kwa stensili, na zinasambaa mpaka Ifakara mjini, watu wanazisoma wakisubiri gari. Iliyompa jina inaitwa "Jiji Chini ya Mto." Humo anasimulia kwamba baada ya Yesu kufa, Wayahudi waliukimbia mwanga, wakachimba ardhi kwa kucha vizazi kwa vizazi mpaka wakatokea chini ya mto wetu. Huko wamejenga jiji la mifupa ya samaki. Wana macho ya kuona gizani na mikia wanayoikunja ndani ya nguo. Taa zao zinawaka kwa machozi ya watoto wachanga. Mfalme wao amekalia jiwe lililoziba mto, na akikasirika analisogeza, maji yanapanda na kumeza mashamba.

Imesimuliwa vizuri, siwezi kusema uongo. Watu waliisoma wakaulizia sehemu ya pili. Mimi niliisoma nikamfuata kwake.

"Mwalimu, hawa watu wenye mikia, Yesu naye si wa kwao? Mama yake je? Petro je? Au hao walizaliwa Kiberege hapa jirani?"

Akacheka. "Dada Paskalina, katika hadithi yangu hao ni watu wa nuru. Nimewatenga."

"Umewatenga wewe."

"Mwandishi ana uhuru. Hii ni hadithi ya kubuni, siyo mafundisho. Watu wanajua tofauti."

Uhuru! Hebu nielezeni uhuru gani huu unaowaendea watu walewale tu kila mara. Kelestini angeweza kubuni chochote. Angeweka chini ya mto majitu ya matope, nyoka wanaoimba, wafalme wa kambale, nani angemzuia? Lakini alichukua watu wa kweli, watu ambao mahali fulani duniani asubuhi hii wanachemsha chai na kuwagombeza watoto wao, akawabandika mikia, halafu akajificha nyuma ya neno kubuni. Na historia ya dini tunayoisoma kila Jumapili aliigawa kama nyama: minofu akatupa sisi, mifupa akawatupia wao. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nina hasira za bure.

Mvua za mwaka ule zilianza na hazikutaka kwisha. Mto ulipanda ukalala juu ya mpunga wa kila mtu, na ulipoanza kupungua uliacha harufu na njaa. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na wafugaji walikuwa karibu. Wakasema ng'ombe wamebomoa kingo za mto. Elnino wamemsikia redioni, lakini utamkasirikia vipi mtu wa redioni? Luhende unamwona kila siku anapita.

Ndipo Kelestini akatangaza kwamba Ijumaa Kuu ile hatutafanya maigizo ya kawaida ya Njia ya Msalaba. Tutaigiza mateso ya Bwana pamoja na "Jiji Chini ya Mto." Akaja bomani kwa Minza nikiwepo.

"Minza mwanangu, tunahitaji mavazi kwa ajili ya maigizo. Mavazi ya watu wa kale, ya wachungaji. Mume wako ana migolole?"

Minza hakuwa ameisoma hadithi ile, na hata hakumuuliza mavazi ni ya kumvalisha nani. Uso wote ulimwangaza. Alikwenda ndani akatoka na migolole mitatu myeusi ya Luhende, yale mashuka anayojitanda mabegani, akaongeza kengele za ng'ombe na fimbo. Mgolole mmoja ndio aliovaa Luhende siku aliyokuja kumposa, na hajauvaa tena ila kwenye sherehe kubwa. Mwalimu alipoondoka, Minza alinishika mikono.

"Dada, watamvalisha Ibrahimu nguo za Luhende." Nami niliyeisoma hadithi ile nilikosa moyo wa kuizima furaha yake.

Ijumaa Kuu watu walijaa uwanja wa kigango, kwa sababu mwenye njaa naye anataka cha kutazama. Minza alikaa mbele, mara ya kwanza, na kitambaa kipya kichwani. Mimi nilikaa pembeni yake. Luhende alisimama kwa nyuma na fimbo yake, amekuja kuziangalia nguo zake.

Ikalia kengele ya ng'ombe. Kutoka nyuma ya turubai wakatambaa vijana watatu, wamejipaka masizi, mikia ya kamba inaburuzika, nao wamevaa migolole ya Luhende. Walikuwa wanaigiza mwendo wa wafugaji, fimbo zimelazwa mabegani na mikono imening'inia juu yake. Na walipofungua vinywa waliongea Kiswahili cha Minza. Kile anachokivuta kwa lafudhi ya Kisukuma, kile ninachomtania nacho jikoni kwangu, walikiweka kwenye vinywa vya mashetani.

"Sisi Wayahudi tumetoka chini ya mto. Tumekuja kuzamisha mpunga wenu. Tumekuja kumuua Mfalme wenu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Ninyi mnaocheka, nilitaka kupiga kelele, mnacheka nini? Lakini kila mtu alikuwa ameshaelewa. Mchombe yote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona Myahudi kwa macho. Kelestini naye hakuwahi. Alipohitaji kumvika Myahudi wake nguo, hakuwa na mahali pa kuzitoa, basi akamvua jirani. Ukimbuni mtu wa kumchukia, lazima umpe sura, na sura utaitoa kwa aliye karibu.

Sisi tuna desturi ya miaka mingi. Yuda akishajinyonga, watoto humrushia madonge ya tope yule aliyemwigiza, naye hukimbilia mtoni kuoga, wote wanacheka, yamekwisha. Safari hii Kelestini alisimama katikati, kwa ile sauti yake, akasema, "Kanisa la Mungu, warudisheni walikotoka!" Na waliorusha hawakuwa watoto tu. Walikuwamo watu wazima, akina mama niliokuwa nao kwenye jumuiya, wanaume waliopoteza mashamba. Tope liliifunika ile migolole. Na walikuwa wanapiga kelele, "Rudisheni jiwe! Rudisheni mto!"

Nikamgeukia Minza. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani. Akaniuliza polepole, "Dada, Ibrahimu atatoka saa ngapi?"

Mungu anisamehe, niligeuka nyuma kumtafuta Luhende. Alikuwa ameshaondoka.

Walipotawanyika nilimkamata Kelestini. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo na mengine nikayatunga papo hapo. Akanisikiliza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi.

"Dada, ni maigizo tu. Nilihitaji mavazi ya watu wageni, basi. Hakuna aliyetaja Msukuma."

"Na kuongea kwao je?"

"Vijana walitia chumvi. Mcheza ngoma huongeza madoido."

"Mpe Minza nguo zake."

"Zimechafuka. Tutazihifadhi stoo ya sakristia. Mwakani zitatufaa tena, watu wamefurahi mno. Yeye tutamchangia mpya."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ningetamani mtu aandike hadithi ya makatekista wenye mikia, tuone kama Kelestini atasema ni maigizo.

Kesho yake, Jumamosi Kuu, Luhende alipeleka ng'ombe mtoni kunywa maji. Minza alikuwa pale anasuuza vibuyu. Vijana walikuwa wanawasubiri kivukoni, na sasa hawakushika madonge ya tope. Walirusha mawe. Na wakirusha, walisema maneno ya maigizo, yaleyale, kwa wimbo, "Wayahudi, rudisheni jiwe!" Ng'ombe wakakurupuka, ndama akavunjika mguu. Jiwe moja likamchana Minza juu ya jicho.

Nilipofika nilimkuta Luhende ameshika mkuki, na Minza amekaa chini amemkumbatia miguu, damu inamwagikia kwenye magoti ya mumewe.

"Shemeji," nikasema, "tafadhali."

"Dada, mimi nimewakosea nini hawa watu? Wakisema ng'ombe wangu wamekula mpunga, nitalipa. Huu mto nitaulipaje? Huyo mtu wanayesema nimemuua nitamlipaje? Mimi simjui!"

"Jumatatu nabatizwa," Minza akasema chini, bila kuachia miguu. "Usinichafulie Jumatatu yangu."

"Unabatizwa na hawa?"

"Na Mungu wa Ibrahimu. Siyo na hawa."

Luhende akautupa mkuki. Akamchinja yule ndama. Mimi nilimfunga Minza jeraha kwa kipande cha khanga yangu.

Jumatatu ya Pasaka padri alikuja kwa pikipiki kutoka mjini, amechoka, vigango vingi vinamsubiri. Hakujua lolote. Wakatekumeni walipangwa mstari mbele ya altare, sisi wasimamizi nyuma yao, kila mmoja na kitambaa cheupe cha kumvika mtoto wake wa ubatizo. Minza alikuja na bendeji yake, jicho limevimba limefumba. Luhende alisimama nje dirishani. Watu walitazama bendeji, kisha wakatazama vitabu vya nyimbo.

Kabla ya kuanza, Minza alimwendea Kelestini aliyekuwa ameshika orodha ya majina. Akapiga goti.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba zile nguo za mume wangu."

"Marahaba, Minza. Leo ni siku ya roho. Mambo ya nguo tutazungumza baadaye."

Minza akainuka akarudi kwenye mstari. Hakuniangalia.

Padri akaanza. Akamfikia wa kwanza, akamuuliza anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Akajibu, "Imani," kama walivyofundishwa. Wa pili hivyohivyo. Akamfikia Minza. Alishtuka kidogo kuiona ile bendeji, lakini akaendelea.

"Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Minza alikuwa anautazama mlango wa stoo. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza jibu begani. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, kwa Kisukuma chake chote ndani ya Kiswahili:

"Naomba migolole ya mume wangu."

Padri akasogeza sikio. "Unasemaje, mama?"

"Migolole mitatu, Baba. Niliwapa wamvalishe Ibrahimu. Imo humo stoo."

Padri akamtazama Kelestini. Kelestini akatazama orodha. Kanisa zima lilinyamaza, watu wote wale waliokuwa na sauti Ijumaa. Mimi sikungoja ruhusa. Nilipita nyuma ya altare, nikasukuma mlango wa stoo, nikaikuta imerundikwa chini kwenye kona, imekauka na tope imekuwa migumu kama mbao, na mikia ya kamba bado imeshonewa kwa nyuma. Niliing'oa ile mikia kwa meno. Nikatoka nikampa Minza mikononi.

Aliikung'uta mmoja mmoja pale pale, tope likadondoka kwenye sakafu iliyofagiliwa. Akaikunja. Akaipanga kifuani.

Padri alikuwa mtu mwema, naamini. Alimwinamia, akamuuliza tena, taratibu, kama baba. "Haya, mwanangu. Sasa unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

"Basi, Baba," Minza akasema. "Nimepata."

Akapiga goti kwa padri kwa heshima, akageuka, akapita katikati ya mabenchi mpaka nje kwa mumewe. Nilibaki na kile kitambaa cheupe mkononi na maji yako palepale kwenye beseni, hayajaguswa. Na Kelestini, kwa sauti yake ile nzuri, akaita jina la anayefuata.